Mlima si wa Wazungu, wala mpagazi si punda

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimeketi barazani na wazee wenzangu tukinywa kahawa, alipotujia mtoto wa ndugu yangu pamoja na vijana wenzake watano. Walitoa salamu kwa adabu, wakatupa mikono mmoja mmoja, kisha yule mtoto akachomoa karatasi mfukoni akaniambia, "Ami, twataka dua yako, na ukijaaliwa, mchango wako pia. Mwezi wa nane, inshallah, twaenda kupanda Kilimanjaro."

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliangua kicheko. "Mlima? Huo ni mchezo wa Wazungu. Watu wa bahari twatafuta nini kwenye theluji?" Wa pili akadakia kuwa pesa hizo ni bora ziwekwe zingoje Umra, kwani kupanda mahali halafu ukashuka palepale ulipoanzia ni israfu tupu. Baraza zima ikacheka. Vijana wakainamisha vichwa.

Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshaipokea ile karatasi na kuisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa ufupi: siku tano, njia ya Marangu, kila kitu ndani, na bei yake chini kuliko zote walizoziuliza. Vijana walikuwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu. Nami moyo ulinipiga, maana karatasi kama ile niliwahi kuishika kwa mikono yangu mwenyewe, mwaka 2013, na najua iliishia wapi.

Ndugu msomaji, leo nina maneno mawili. La kwanza nawaambia wazee wenzangu, na ni jepesi. La pili nawaambia vijana, nalo ndilo lililoninyima usingizi tangu Ijumaa ile.

Nianze na wazee. Nani aliyetuambia kuwa mlima ule hautuhusu? Mwaka 1848, mmishenari wa Kijerumani aitwaye Johannes Rebmann aliondoka Rabai, hapa nyuma ya Mombasa, akaelekea Uchagani, na tarehe 11 Mei akakiona kilele cheupe. Vitabu vingi vimeandikwa kumsifu kwa jambo hilo. Lakini je, Rebmann aliijua njia? Aliyemwongoza ni Mswahili, Bwana Kheri, mtu aliyezoea safari za bara. Na Rebmann alipouliza ule weupe ni kitu gani, jibu alilopewa na aliyemwongoza lilikuwa neno letu hili hili la kila siku: baridi. Huko London alikuwako bingwa mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, naye alikataa katakata kuwa theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Mabwana wa huko walibishana kwa miaka. Watu wa misafara hawakuwa na haja ya kubishana. Walipita chini ya mlima ule na mizigo yao, wakapumzika Taveta, wakarudi pwani.

Tena, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu kabisa, hawakuwa wamejibebea chakula na mahema yao toka pwani. Wachagga wa Marangu wanamtaja mwenzao Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Na katika kambi ya juu, mahali ambapo maji huganda usiku, alibaki nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, akiwapikia na kuwalindia vitu huku wao wakienda kileleni na kurudi. Mtu wa Pangani, wazee wangu! Mtu aliyekulia kwenye minazi na ngalawa kama sisi. Hakufika kileleni kwa sababu hakupelekwa huko, lakini bila ya watu kama yeye hakuna ambaye angefika.

Ndipo nikasema, anayedai kuwa mlima ni mambo ya Wazungu amesahau babu zake. Mpagazi, kirangozi, mnyapara: maneno haya hayakuletwa na meli kutoka Ulaya. Ni maneno ya misafara yetu. Na hata leo, Mmarekani na Mjapani wakiwa njiani kuelekea kilele cha Uhuru, neno la kwanza wanalofundishwa ni letu: pole pole. Wao wamelijifunza hilo kwa gharama kubwa. Sisi tuliozaliwa nalo twataka kupanda kwa siku tano.

Hapo ndipo ninapoingia katika neno la pili.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 44, na nilijiona shababi. Nilishuka Moshi bila ya kupanga lolote, nikazunguka mitaani nikiuliza bei hapa na pale, kama nanunua samaki Mnada. Kwetu kununua bila ya kubembeleza bei ni kama kula bila ya kunawa. Nilimpata mtu mmoja wa kampuni ndogo, jina lake silitaji, tukavutana nusu ya siku. Alipunguza, nikaenda zangu. Akaniita, akapunguza tena. Nilipotia saini nilijiona mjanja, na usiku ule nilimpigia simu mke wangu nikamsimulia ushindi wangu.

Siku ya pili ya safari nilimwona kijana mmoja miongoni mwa wapagazi, umri wake hauzidi miaka 20, amebeba kichwani kiroba changu na juu yake mtungi wa gesi ya kupikia. Viatu alivyovaa vilikuwa vya mpira, kimoja kimefungwa kamba. Koti lake lilikuwa la mvua tu, halina joto. Tulipofika Horombo, jioni baridi ikianza kuuma, nilimkuta ameketi nyuma ya jiko, ananyoosha mikono yake kwenye mvuke wa sufuria. Nikamuuliza kama amekula. Akasema chakula chao ni mara moja kwa siku, usiku. Nikamuuliza juu ya mshahara. Akanijibu kwa upole, bila ya kulalamika, "Mzee, mshahara hatujui kama tutapata. Tunategemea bakhshishi."

Nilinyamaza. Lakini usiku ule nililala vizuri, Mungu anisamehe, nikajiambia kuwa hayo ni mambo yao na tajiri wao.

Siku ya tatu tulifika Kibo, mita 4,720. Kichwa kilikuwa kinanigonga kama kinu. Nilitapika maji, kisha nikatapika hewa. Saa tano za usiku tulipoamshwa, sikuweza kufunga kamba za viatu. Vidole vilikuwa vyangu lakini havikunisikia. Yule kiongozi akanimulika tochi usoni, akanitembeza hatua kumi katika mstari, akasema, "Mzee, wewe unashuka." Nikabisha. Nikamwambia nimelipa pesa zangu. Akasema mlima hautahama, lakini mimi naweza kuhama dunia. Yule kijana wa viatu vya mpira ndiye aliyenishika mkono gizani mpaka Horombo, kiroba changu kikiwa kichwani mwake na bega lake likiwa fimbo yangu.

Tulipofika langoni, nikiwa nimepata fahamu zangu zote, nilikaa chini nikapiga hesabu. Nilichukua lile punguzo nililojigamba nalo kwa mke wangu, nikaligawa kwa idadi ya watu waliotubebea na kwa siku tulizokuwa nao. Jawabu lilinitoa jasho. Kiasi kilichopatikana kilikaribia sana ule ujira wa siku waliotakiwa kulipwa, na hawakulipwa. Sikuwa nimempunguza yule mwenye kampuni hata senti moja; faida yake ilikuwa palepale. Punguzo langu lilitolewa katika mgongo wa kijana yule. Nilimpa koti langu na pesa nilizokuwa nazo, naye akanishukuru kwa dhati, na shukrani ile ikawa nzito kwangu kuliko lawama. Maana koti si ujira, na sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu tukiwa wadogo kuwa mfanyakazi hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Mimi nilimlipa jasho likiwa limeshaganda.

Kwa hiyo vijana wangu, mkitaka dua ya ami yenu, ichaneni kwanza karatasi ile. Kisha tukae tupange.

Jambo la kwanza ni siku. Mwataka kutoka Mombasa, mahali ambapo bahari iko mlangoni, mwende mita 5,895. Huko juu hewa tunayoivuta huwa na nguvu karibu nusu tu ya ile ya hapa nyumbani. Mwili wa binadamu waweza kuzoea, kwani Mola ameuumba kwa hekima, ila huzoea kwa wakati wake na haukubali kusukumwa. Waganga wanaoyajua maradhi ya mlima husema hivi: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana, na kila siku tatu au nne pumzika siku moja. Sasa itazameni safari ya siku tano. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, na usiku huo huo mwaamshwa kwenda kileleni. Ni mita 1,000 kila siku! Haya si mashindano ya ngalawa. Siku ya sita, ya kukaa Horombo na kutembea juu kidogo kisha kurudi kulala palepale, ndiyo bima yenu. Na mwenye uwezo achukue njia ndefu zaidi, kama Lemosho ya siku saba au nane, akapata nafasi nzuri zaidi ya kufika na kurudi salama.

Msidanganyike na nguvu za ujana. Mmoja wenu ni mchezaji mpira hodari, nami namjua. Mazoezi ni mazuri, na nimewaambia wende Taita wakapande Vuria, kilele kinachopita mita 2,200, wajizoeze miguu na viatu vipya. Lakini mlima hauchagui. Mwenye kifua kipana aweza kuanguka na mzee mwembamba akapita, na mara nyingi hodari ndiye anayeumia kwa kuwa anakwenda mbio. Kichwa kikiuma na tumbo likakataa chakula, semeni. Kuficha ugonjwa mlimani hakuna ushujaa ndani yake. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, dawa yake ni moja, ni kushuka, usiku huo huo, bila ya kungoja asubuhi. Ipo dawa iitwayo Diamox ambayo husaidia mwili kuzoea. Muulizeni daktari kabla ya safari, maana haimfai kila mtu, nayo haichukui mahali pa siku.

Jambo la pili ni kiongozi. Sheria ya hifadhi ile hairuhusu mtu kupanda bila ya kiongozi mwenye leseni, na mimi nasema ni sheria njema. Sisi tunajua maana ya nahodha. Abiria akishapanda chomboni, hamfundishi nahodha lini aishushe tanga. Kiongozi wa mlima ni vivyo hivyo. Kabla ya kulipa, ombeni kuzungumza naye yeye, si na mwenye ofisi peke yake. Mwulizeni amepanda mara ngapi, atawapimaje kila jioni, kuna wasaidizi wangapi ili mmoja akirudishwa wengine waendelee, na nani atakayetoa amri ya kushuka. Akijibu kuwa wote mtafika bila ya shaka, mkimbieni. Mkweli huanza na inshallah, kisha akaeleza atafanya nini mambo yakiharibika. Na akiwaambia "wewe unashuka," shukeni. Mimi nilibishana na mtu aliyekuwa ananiokoa, na hadi leo naona haya.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa kwangu, ni wapagazi. Kila mpandaji mmoja aghalabu huhitaji watu watatu au zaidi: wa kubeba chakula, mahema, vyombo na mizigo yake. Wenyewe huitana wagumu, na jina hilo linawafaa. Kanuni ya hifadhi yasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Basi ulizeni: mizigo hupimwa wapi, na nani? Mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na analipwa lini? Analala wapi, kwenye hema nzima au jikoni? Anakula mara ngapi? Ana koti na viatu? Mwenye kampuni safi atayajibu maswali haya bila ya kukunja uso. Mwenye kujikuna kichwa ameshajibu. Pale Moshi kipo chama kiitwacho Kilimanjaro Porters Assistance Project, kilichoanza mwaka 2003, ambacho huchunguza jinsi makampuni yanavyowatendea wapagazi na huwaazima wapagazi nguo za baridi bure. Yapo makampuni yanayokubali kuchunguzwa nacho. Anzieni hapo.

Wala msichanganye ujira na bakhshishi. Ujira ni haki, ni deni shingoni. Bakhshishi ni ihsani juu ya haki. Anayemnyima mtu haki yake kisha akampa ihsani ni sawa na anayeiba mbuzi akatoa sadaka ya kwato. Bakhshishi yenu itengeni tangu nyumbani, kila mtu aweke fungu lake, na siku ya mwisho muwape wenyewe mkononi, mbele ya wote, ili isipotee njiani.

Najua mtakalosema. "Ami, kampuni hizo ni ghali, nasi pesa hatuna." Haya, kwanza jueni kwamba raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada ya hifadhi iliyo ndogo sana kuliko ile ya wageni wa mbali, kwa hiyo hiyo bei mliyoisoma kwenye matangazo ya watalii si lazima iwe yenu. Pili, katika njia ya Marangu watu hulala kwenye vibanda, hakuna mahema ya kubeba, na watu wanaohitajika hupungua kwa haki, si kwa dhuluma. Tatu, na hili ndilo jibu langu la kweli: kama pesa hazitoshi mwaka huu, ngojeni mwaka ujao. Au wendeni Mlima Kenya, mkapande Lenana, mita 4,985, hapa hapa nchini, kwa masharti yale yale. Mlima uliowangoja babu zetu utawangoja na nyinyi. Kitu kisichowezekana kwa halali hatulazimiki kukifanya.

Jambo la nne ni majira na ibada, na hapa sisi tuna mengi ya kujivunia. Baharia hatweki tanga bila ya kujua ni kaskazi au kusi. Mlima nao una majira yake: Januari na Februari, kisha tangu mwisho wa Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba iacheni ipite. Wapandaji wengi hupenda kwenda kileleni mwezi ukiwa mpevu ili waone njia. Watalii hutafuta kwenye kalenda. Sisi tunaohesabu kwa mwandamo tunajua kuwa usiku wa 14 na wa 15 mwezi umejaa. Pangeni usiku wa Kibo uangukie hapo. Na msiipange safari ndani ya Ramadhani mkaja mkatafuta ruhusa za kula; msafiri ana ruhusa, lakini mlima si faradhi.

Sala haiachwi mlimani. Nyinyi ni wasafiri, mna ruhusa ya kupunguza na kukusanya kwa masharti yake. Lakini maswali ya maji yaliyoganda, ya kutayamamu, na ya kupangusa juu ya khofu, yapelekeni kwa sheikh wenu sasa, msikitini, kabla ya kuondoka. Msingoje kuulizana wenyewe kwa wenyewe saa kumi za usiku huku meno yakigongana. Kibla hakina taabu: Makka iko kaskazini ya Kilimanjaro, ukielekea mashariki kidogo tu, karibu sawa na tunavyoelekea hapa Mombasa. Alfajiri itawakuta kwenye kokoto, karibu na ukingo wa juu. Mwambieni kiongozi tangu jana yake kuwa mtahitaji dakika chache. Na mpishi mwambieni mapema juu ya nyama. Moshi kuna Waislamu wengi na nyama ya halali hupatikana. Mkiona shaka, chukueni dagaa, maharagwe, mayai na tende. Tende mbili saa nane za usiku ni chakula cha mtu mzima.

Yaliyobaki ni madogo, lakini yana kuumbua. Baridi ya usiku wa kileleni hushuka hata nyuzi 15 chini ya sifuri. Kikoi na fulana havitoshi. Nguo nzito na mifuko ya kulalia hukodishwa Moshi, basi msinunue vya kuwafilisi. Pasi za kusafiria na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano viwe tayari kabla ya kufika mpakani Holili. Na kila mmoja aage kwao, aombe radhi, alipe madeni yake, kama walivyokuwa wakifanya waliokwenda bara zamani.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa Umra. Mzee, neno lako nimelipima na lina uzito. Anayeweza Umra na akachagua mlima, ajiulize nafsi yake. Lakini vijana hawa hawakuniomba pesa za kwenda kulewa. Wanataka kutoka katika mitaa hii ambayo mingine imejaa unga na uvivu, wakatembee siku sita pamoja, waamke kwa sala, wajue njaa na uchovu, waione kazi ya Mola ilivyo kubwa. Ile barafu ya juu, ambayo Bwana Kheri na wenzake waliiona ikimeremeta kutoka mbali, zaidi ya sehemu nne katika tano zake zimeyeyuka tangu mwaka 1912. Huenda watoto wa vijana hawa wasiikute. Sioni israfu katika kwenda kutazama ishara hiyo na kuitafakari. Israfu ninayoiona ni ya kutumia mgongo wa mtoto wa mwenzako kama ngazi, kisha ukampita bila ya kumwuliza jina.

Jina la kijana wangu wa viatu vya mpira sikupata kulijua. Nilikaa naye siku tano, akanibebea, akanishika mkono gizani, nami sikumwuliza. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko kilele nilichokikosa.

Jumapili vijana walirudi barazani. Karatasi wameichana. Wamesogeza safari mpaka mwezi wa nane wa mwaka ujao, wanaweka akiba kila mwisho wa mwezi, na maswali yangu ya wapagazi wameyaandika daftarini kwa nambari. Wameniomba niende nao. Nimewaambia daktari akinikubalia nitakwenda mpaka Horombo, na nikijaaliwa mbele zaidi nitashukuru. Lakini safari hii siku ya kwanza, langoni, kabla mzigo haujainuliwa, nitawazunguka wapagazi mmoja baada ya mmoja, nimpe kila mtu mkono na nimwulize jina lake.

Mchango wangu nimeutoa. Na hili nalo liwe sehemu yake:

Kilima hakipandiki, kwa haraka na ubishi,
Mpagazi mpe haki, kabla ya bakhshishi,
Na Mola hadanganyiki, jasho halendi bilashi,
Safari njema ni hii: wote warudi, waishi.